Kifua Kisichosikika

Jumapili, tarehe 7, mwezi wa saba

Daftari hili nimelinunua ili niandike hatua za kompyuta, kwa sababu Kamera ananifundisha leo, kesho nimeshasahau. Ukurasa wa kwanza umejaa: fungua, leta video, tenganisha sauti na picha, bofya sauti. Kurasa zilizobaki ni nyingi na hapa sina wa kuongea naye, maana mashine ya kusaga mawe ndiyo inayoongea tangu asubuhi hadi jioni. Nitaandika na mambo yangu. Shule niliachia darasa la sita, lakini mwandiko wangu mwalimu aliusifu, hilo nalisema bila aibu.

Wananiita Spika. Si kwamba nina hekima za bungeni, ni kwamba nikiongea napiga kelele. Miaka minne kwenye mdomo wa mashine imeniua masikio. Sauti nzito nazisikia. Nyembamba zimekwenda: ndege, mluzi, simu ikilia, mtoto akiita.

Kamera ni mwenzangu wa chumba. Zamani alikuwa akipiga video za harusi, kamera ikaibwa, akaja kubeba mawe kama sisi. Kompyuta yake ilibaki, kioo kimepasuka kona moja. Huku machimboni hakuna mtandao, kwa hiyo kila Jumapili anadandia lori la kokoto kwenda mjini, anatuma video zetu za salamu, jioni anarudi na majibu. Kazini ni mvivu, anabeba jiwe kama anabeba yai. Nampenda nusu nusu.

Ninachojifunza ni kufuta kikohozi. Kilinianza mwaka jana. Mama akikisikia hatapata usingizi, na mke wangu akikisikia ataniambia nirudi, na nikirudi tutakula nini? Mpaka sasa Kamera ndiye aliyekuwa akinifutia. Anasema nimekuwa mteja msumbufu, nijifutie mwenyewe.

Jambo jingine ni mdogo wangu. Ni seremala, ana mke na mtoto mmoja. Kila video anauliza, "Kaka, nafasi ipo?" Msimamizi amesema mwezi wa kumi ataongeza watu. Mdogo wangu sijamjibu.

Jumatatu, tarehe 8

Vumbi.

Jumapili, tarehe 14

Leo nimehariri mwenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwenye sauti kuna vidude vimepangwa kama vifungo vya koti, unavivuta juu au chini. Vya kushoto ni vya sauti nzito, vya kulia nyembamba. Nikavuta vya kulia juu, juu zaidi, mpaka nikajisikia. Kwa mara ya kwanza kwa miaka niliisikia "s" yangu. "Sisi sote salama." Nusura nilie. Nikamwambia Kamera aitume hivyo hivyo.

Jumapili, tarehe 21

Majibu yamekuja. Mke wangu anasema, "Baba watoto, ulikuwa unaongea au unakaanga? Mtoto kaziba masikio, mbwa wa jirani kabweka mpaka salamu zimeisha." Mama anauliza kama nimeng'oka meno ya mbele.

Kamera alicheka mpaka akakaa chini. "Sikio lako ni mizani mbovu, mzee. Unampimia mteja kilo tatu ukidhani moja. Kuanzia leo usisikilize. Tazama."

Akanionyesha mawimbi ya sauti kwenye kioo. Mtu akiongea yanakuwa kama meno ya msumeno. Akinyamaza ni mstari. Kikohozi kinasimama peke yake kama kichuguu, hata kipofu angekipapasa. Unaweka kisu kabla yake, unaweka kisu baada yake, unakifuta. Ukikata kavu kunabaki mlio, tak, kwa hiyo unaishusha sauti polepole na kuipandisha polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Picha inaruka pale ulipokata, hivyo unaifunika na picha nyingine. Mimi naweka mlima.

Leo vichuguu vilikuwa vinne.

Jumatano, tarehe 24

Nimefua kitambaa changu cha kujifunga puani mara mbili. Maji bado yanatoka meupe kama maziwa.

Jumapili, tarehe 28

Vichuguu saba.

Jumapili, tarehe 4, mwezi wa nane

Kamera kanifundisha kufuta mashine. Unaichagulia programu kipande ambacho hakuna anayeongea, inakionja, inajua "kelele ni hii," kisha inaifuta popote ilipo. Nilibofya, na kitu ambacho kimenipiga masikioni miaka minne kikatoweka kama hakijawahi kuwepo. Nilikaa nikitazama ule mstari uliolala. Ingekuwa kazi yenyewe inafutika hivyo.

Ila kimya kilichobaki kilikuwa cha kaburini. Kamera akaweka ndege, anao kwenye akiba yake ya harusi. Akaongeza na mwangwi kidogo, niwe kama niko kwenye nyumba ya vyumba vikubwa.

"Usizidishe," nikamwambia.

"Mzee, watu wanapenda kusikia ndugu yao ana dari."

Jioni majibu ya mdogo wangu: "Kaka, kumbe mahali penyewe kama hoteli! Na wewe kimya. Kizuri kula na nduguyo, umesahau?" Anasema amepata mtu wa kununua randa na misumeno yake. Nilicheka na kila mtu chumbani, kisha nikaona sicheki.

Jumapili, tarehe 11

Mke wangu: "Huyo ndege wenu hachoki? Watoto wamemkariri. Analia mara tatu, ananyamaza, analia mara mbili. Wiki zote mbili hivyo hivyo. Mwambieni abadili wimbo."

Kamera aliweka kipande kile kile mara mbili. Nilicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikanikalisha juu ya mawe. Msimamizi akapita.

"Spika, wewe unakula vumbi au vumbi ndilo linakula wewe?"

"Tunakulana."

Hakucheka. Ni mtu mgumu yule, uso wake kama mlango uliofungwa kwa ndani.

Ijumaa, tarehe 16

Babu ameondoka. Tunamwita Babu lakini ana miaka thelathini na tisa, alikuwa kitanda cha kona. Kifua kilimbana wiki tatu, msimamizi akamwambia akapumzike kwao. Kupanda lori tulimsukuma kwa nyuma kama gunia, na bado alikuwa akitania, "Polepole, mna mzigo wa thamani."

Safari ya kwao, kama ya kwetu, ni siku tatu. Alimwomba Kamera amtengenezee salamu nzuri zimtangulie, Jumapili zifike, yeye afike Jumatatu. "Mke wangu asishtuke." Kamera akaniachia kazi nifanye mazoezi. Nilirekodi dakika tisa, nikakata vikohozi thelathini na moja, zikabaki dakika moja na nusu. Kamera akakagua akasema nimeiva, haoni hata mshono.

Nilijisikia fundi.

Ijumaa, tarehe 23

Saa nne asubuhi mkanda mkubwa ulikatika na mashine ikanyamaza. Watu waliendelea kupiga kelele kama kawaida, halafu wakajisikia, wakaona haya, wakashusha sauti. Msimamizi akasema fundi atafika alasiri. Nikarudi chumbani.

Nikapata wazo kwamba nirekodi kimya cha kweli, niwe nacho cha akiba, badala ya kuihangaisha programu na kelele kila wiki. Kamera alikuwa nje anafua. Nikaweka simu kitandani karibu yangu, nikafunga mlango, nikatulia kama maji ya mtungi kwa dakika nzima. Kisha nikahamishia kwenye kompyuta nikategemea kuona mstari umelala.

Haukulala. Ulipanda, ukashuka, ukapanda, ukashuka, taratibu, kama mtu anayepiga pasi.

Nikawaza ni mashine. Mashine imezimwa. Nikawaza jenereta, nikatoka kuangalia, nayo imezimwa. Feni hatuna. Nikarekodi tena, ikawa vile vile. Mara ya tatu nikabana pumzi, nikahesabu hadi ishirini, nikaachia.

Kwenye kioo, pale nilipobana, mstari ulilala kabisa. Nilipoachia ukaamka, na safari hii ulikuwa na miiba midogo midogo mgongoni.

Nikamwita Kamera. Akaja na povu mikononi, akavaa visikilizio, akafumba macho. Alisikiliza muda mrefu kuliko dakika yenyewe.

"Inasikikaje?" nikamuuliza.

"Kama mtu anakwangua sufuria, chumba cha pili."

"Hakuna chumba cha pili," nikamwambia. "Ni mimi."

Akavua visikilizio polepole. Povu lilikuwa limemkaukia. Nilimwomba anidanganye, nikamwambia kwa mdomo kabisa, "Sema ni upepo." Akasema ni upepo. Hatukutazamana. Fundi alifika saa tisa, mashine ikawaka, na kusema kweli nilishukuru.

Jumapili, tarehe 1, mwezi wa tisa

Kamera anasema pumzi nayo inafutika, programu itaionja kama inavyoonja mashine. Tukaifuta. Sauti ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa, akaniongezea besi ili kifua kionekane kipana. "Sasa wewe ni mwanaume wa tangazo la sabuni."

Mama amejibu neno moja tu: "Mwanangu, mbona uko mbali?"

Mdogo wangu ameipata namba ya msimamizi, wameongea, amekubaliwa. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi yuko hapa. Wageni wote huanzia kwenye mdomo wa mashine, kama nilivyoanzia mimi. Najua nimwambie asije. Lakini nimwambieje? Miezi yote hii nimejichonga mwenyewe, nikajipaka na rangi. Nikisema leo kwamba naoza ndani, yule wa juzi alikuwa nani?

Jumatatu, tarehe 9

Damu kidogo kwenye kitambaa. Labda ni fizi.

Jumapili, tarehe 15

Kamera karudi kutoka mjini hana utani. Akakaa kwenye kitanda cha kona, kitanda cha Babu, akajua alipokaa, akahama.

Babu amefariki. Siku tisa tu baada ya kufika.

Hilo peke yake tungelibeba, hapa kifo si mgeni. Lakini sikiliza nikueleze, daftari. Salamu zetu zilifika Jumapili, mtu ana sauti safi, ndege wanalia nyuma, hakohoi hata mara moja. Jumatatu akashuka mtu asiyeweza kupanda ngazi mbili. Kaka zake wakasema haiwezekani, aliyekuwa mzima Jumapili hafi wiki ya pili. Wakasema mkewe amemtilia kitu kwenye chakula. Msibani waliiwasha ile video mbele ya watu, wakaipandisha sauti mpaka mwisho: "Sikieni wenyewe. Huyu ana kifua?" Watu wakasikiliza, wakasema hana kifua.

Mjane amefukuzwa na nguo alizovaa. Watoto wamebaki kwa baba zao wakubwa na wadogo, wamegawanywa kama vyombo.

Vikohozi thelathini na moja. Mimi ndiye niliyeshika kisu.

"Tuma ile ya dakika tisa," nikamwambia Kamera. "Wasikie."

"Nilishaifuta. Kompyuta haina nafasi, Spika. Zote za mwanzo huwa nafuta."

Jumapili, tarehe 22

Wiki nzima nimefikiri. Kumwambia mama kwa kinywa changu "naumwa" siwezi, ulimi unakuwa wa mawe. Nimeona bora kifua kijisemee chenyewe. Asubuhi nilisimama nje, karibu na mashine, maana wiki hizi inasaga hata Jumapili. Sikujifunga kitambaa. Nikatoa salamu kama kawaida, nikauliza habari za watoto, na kila kikohozi kilipokuja nilikiacha kije. Kumi na moja kwa dakika nne. Kimoja kilinishika mpaka machozi, nikaegemea ukuta, simu ikaendelea kurekodi. Mwisho nikasema: "Mdogo wangu, hali yangu ndiyo hii, umesikia mwenyewe. Amua kama mwanaume."

Sikuondoa mashine. Sikuweka ndege wala mlima. Nikampa Kamera vile ilivyo.

Alikuwa tayari juu ya lori, injini inanguruma. Akainama akaniuliza kitu, mkono mdomoni. Sikusikia. Nikaitikia kwa kichwa. Hapa wote tunaitikia kwa kichwa, ukiuliza "nini?" mara tatu watu wanakuchoka.

Leo nimepumua kama mtu aliyetua mzigo.

Alhamisi, tarehe 26

Namngoja Kamera wa Jumapili kama mshtakiwa anavyomngoja hakimu.

Jumapili, tarehe 29

Niliomba nione majibu peke yangu. Mama anamshukuru Mungu kwa afya yangu. Mke wangu anasema nimependeza ila ndege wako wapi. Mdogo wangu anacheka meno yote nje: "Nimesikia mwenyewe, kaka! Sauti kama simba! Nimeamua kama mwanaume. Ijumaa napanda gari."

Nikadhani ni mimi nisiyesikia vizuri. Nikarudia. Nikamwomba Kamera anifungulie ile iliyotumwa. Nikatazama. Pale kwenye vichuguu kumi na moja palikuwa tambarare, kazi nzuri, haina hata mshono. Pale nilipoegemea ukuta kulikuwa na mlima.

"Umefanya nini?"

"Nilikuuliza. Juu ya lori. Nikasema, 'Niisafishe?' Ukaitikia."

"Sikusikia!"

"Sasa mbona uliitikia?"

Nikairudisha video mwanzo, nikaitazama tena.

"Nilidhani umechoka kujikata mwenyewe," akasema. "Nilikaa kwenye ngazi za duka kwa saa mbili, juani, kompyuta magotini, nakufanyia kwa mapenzi. Nilijisemea, mama yako asisikie hii."

Nilimkunja shati. Mkono ulikuwa juu tayari, kisha kikohozi kikanijia, nikabaki nimemshikilia yeye nisianguke. Alinishika mpaka kikaisha. Nimemwita mvivu na mjanja, na huko nyuma nimeandika nampenda nusu nusu. Mtu aliyeniharibia kwa huruma sijui nimpende kiasi gani.

Baadaye alinipa simu yake. "Nishikie. Nataka kurekodi." Miaka yote yuko nyuma ya kamera, mbele yake hakujua mikono aiweke wapi. Akasema, "Ndugu wa marehemu, mimi ndiye niliyekata kikohozi cha Babu. Mkewe hana kosa."

"Tuliyekata," nikamsahihisha. Nikaiegemeza simu kwenye ndoo, nikaenda kusimama naye.

Jumanne, tarehe 1, mwezi wa kumi

Nimepanda kilima ambako simu hupata mtandao wa kuongea. Nilipumzika mara nne, zamani nilikuwa napanda nikila muwa. Nikampigia mdogo wangu. Yeye alisikia upepo, mimi nikasikia simu inatetemeka tu. Nikaandika ujumbe: Usije. Nina kifua kibaya. Mashine ndiyo.

Akajibu: Kaka acha choyo. Mwenye kifua hana sauti ile. Kama hutaki nije sema hutaki.

Nikaandika: Sauti ilitengenezwa.

Akajibu: Na ujumbe huu je?

Alhamisi, tarehe 3

Watu wawili wa serikali wamekuja kuuliza habari za Babu. Msimamizi ametugawia barakoa mpya. Walipoondoka akazikusanya. Lakini nimemwona amekaa ofisini na faili, ameshika kichwa. Kuanzia leo mgeni yeyote ataulizwa kuhusu kifua, akikohoa haandikwi.

Ijumaa, tarehe 4

Ameondoka nyumbani.

Jumapili, tarehe 6

Mvua. Imeanza alfajiri ikapiga mabati mpaka hata mimi nikaisikia. Mashine imezimwa, vumbi lote limelala chini kama mnyama aliyechinjwa. Nimevuta pumzi ikafika tumboni. Kamera amekwenda mjini na ile video yetu wawili, ameifunga simu kwenye mifuko mitatu ya plastiki.

Jumatatu, tarehe 7

Mdogo wangu amefika saa nane. Kiangazi chote mahali hapa palikuwa na rangi ya unga, majani, nyuso, mikate. Leo, siku moja katika miezi, pameoshwa. Majani ni kijani. Mashine iko kimya. Kamera anasema kulikuwa na ndege, wa kweli, zaidi ya mmoja.

Mdogo wangu alisimama getini na begi lake akavuta hewa kwa pua. "Kaka! Kama nilivyoona!"

Akanikumbatia akaninyanyua juu. Nikajaribu kukohoa. Naandika bila aibu: nilijaribu, nikajilazimisha, ikatoka sauti ya mtu anayebisha hodi. Kifua kimenisumbua kiangazi kizima, siku niliyokihitaji kimekaa kimya kama mkwe ugenini.

Jumanne, tarehe 8

Tumegombana. Nilimwambia kila kitu, vichuguu, pumzi, Babu. Alinisikiliza akiwa amekaa kwenye kitanda cha kona, akala mkate wake hadi mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa sikiliza na wewe. Tangu baba afe wewe ndiye unayejulikana pale nyumbani. 'Kaka yenu ametuma, kaka yenu amesema.' Mimi nachonga viti vya watu wasiolipa. Leo nimekuja nisimame na miguu yangu, ndiyo umepata kifua?"

Kamera akaingilia. "Dogo, anachosema ni kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nazitengeneza."

"Wewe ndiye uliyekuwa unazitengeneza?"

"Ndiyo."

"Basi nikuamini lini, wakati ule au leo?"

Kamera akaichukua kompyuta yake, akatoka nje.

"Randa zangu nimeuza, kaka," mdogo wangu akasema, safari hii kwa sauti ndogo, nikamsoma midomo. "Hata gundi nimeuza. Kesho naandikwa."

Jumatano, tarehe 9

Jua limetoka tangu alfajiri, mawe yamekauka, saa moja mashine ikawashwa. Mdogo wangu alipangiwa kwenda ofisini saa tano.

Nilikwenda kwenye mdomo wa mashine nikavua kitambaa. Nikasimama hapo kwa muda wa saa nne, nikivuta kwa mdomo wazi. Mwenzangu wa zamu alinifanyia ishara kwamba nimekuwa mwehu. Saa tano kasoro kidogo nilikuwa mweupe kama maiti iliyopakwa unga, na kifua kilikuwa kimenirudia chote.

Niliingia bila kubisha. Msimamizi ana daftari mbele yake, mdogo wangu amesimama wima kama askari.

"Una kifua wewe?" msimamizi anauliza.

"Mimi? Gonga hapa usikie!" Akajipiga ngumi.

"Anacho," nikasema.

Wote wakageuka. Nilitaka kuendelea lakini kikohozi hakikunipa nafasi. Sikukizuia. Nilikiachia kitoke kama kilivyo, nikashika meza, daftari likaanguka, nikapiga goti. Kilipoisha kulikuwa na doa jekundu kwenye karatasi za msimamizi, na safari hii sikujiambia ni fizi.

"Sisi ni ukoo wa vifua," nikasema nikiwa chini. "Baba alikufa nacho. Mimi ninacho. Huyu anacho vile vile, ila kwetu hujificha, kinamngoja mtu apate vumbi. Muulize Babu mambo yake yalikwendaje."

"Mwongo!" Mdogo wangu alipiga kelele hata mimi nikaisikia. "Baba aliangukiwa na mti! Bosi, baba yetu aliangukiwa na mti!"

Ni kweli. Aliangukiwa na mti. Mungu na baba wanisamehe.

Msimamizi alitutazama, mmoja, mwingine. "Ninyi tumbo moja?"

"Tumbo moja, ziwa moja," nikasema.

Alilichukua daftari chini, akalipangusa na kiganja, akalifunga. Nilidhani atatukana. Alisema polepole, akitazama dirisha, "Mimi Babu wa pili simtaki. Nimeona picha ya watoto wake." Kisha, "Lori la saa saba kesho. Wote wawili."

Wote wawili. Nilijua.

Alhamisi, tarehe 10

Kamera alitusindikiza mpaka kwenye lori. Alitaka kurekodi, nikamkataza, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Aliniambia kitu. Nikamwambia, "Sijasikia, rudia." Akarudia. Alisema amepata ujumbe kule kilimani, mjane amerudishiwa mtoto mdogo, wengine bado.

Tumekaa juu ya kokoto, turubai limefungwa nusu. Mdogo wangu alikaa upande wa mbali kadiri lori linavyoruhusu. Tangu jana ofisini hakuwa amenisemesha. Tulipovuka daraja akasema bila kunitazama, "Umeniua, kaka." Nikasema, "Ndiyo." Nini kingine ningesema? Anarudi kwa mke na mtoto bila randa, bila msumeno, na kaka mgonjwa wa kulishwa. Haya yote nimeyafanya mimi. Akinichukia mpaka nizikwe ni haki yake.

Lori liliposimama kungoja malori mengine yapimwe kwenye mizani, nilihamia karibu yake, na ndipo ninapoandikia. Alikuwa amelala, uso kwenye begi. Hasira huchosha. Nilitaka kumsikiliza, lakini masikio yangu hayana la kuniambia. Nikaweka kiganja mgongoni kwake, chini ya bega, nikabana pumzi yangu mimi isinichanganye.

Hewa iliingia. Ikatoka. Ikaingia. Ikatoka, laini, kama randa inapita kwenye ubao mkavu. Hakuna kilichokwaruza.

Akaamka, akausukuma mkono. "Usiniguse."

Nikauondoa. Nilikuwa nimeshamaliza.